Waya wa Zambarau kwenye Pikapu ya Ducharme

Katika mji mdogo wa wakulima wa Dauphin hakukuwa na fundi umeme wa magari aliyekuwa mwanamke isipokuwa Zenovia Kostyshyn, na baada ya miaka ishirini na miwili hakuna aliyeona tena ajabu. Watu walimwita Zenia. Trekta likizima katikati ya mavuno, au taa za lori zikiwaka zenyewe kama zimepagawa, mtu aliambiwa mpelekee Zenia, basi.

Zamani alifanya kazi kwenye mitambo ya simu, akiunganisha waya nyembamba kama nywele, mpaka mitambo mipya ilipoletwa na wanawake kumi na mmoja wakarudishwa nyumbani kwa siku moja. Alizunguka gereji zote za mji akiomba kazi. Walimcheka. Mmoja alimuuliza kama amepotea njia ya kwenda sokoni. Nestor Hawryluk peke yake ndiye aliyemkabidhi taa ya kupimia umeme na gari moja bovu lililokaa uani miezi miwili, akamwambia likiwaka kabla ya kesho kazi ni yake. Liliwaka kabla ya chakula cha mchana.

Hilo Zenia hakulisahau. Nestor na mkewe Iryna walipopata binti, Zenia ndiye aliyemshika mtoto kanisani siku ya ubatizo, na kwa watu wa kwao, aliyemshika mwanao ubatizoni si rafiki tena, ni ndugu. Mwenyewe hakuwa na mume wala mtoto. Kila mkesha wa Krismasi yao ya kalenda ya zamani ya kanisa, tarehe sita Januari, alikaa kwenye meza ya Nestor wakala vile vyakula kumi na viwili visivyo na nyama, kuanzia ngano iliyochanganywa na asali hadi kabichi iliyofungwa wali ndani. Kiti chake kilikuwa kile kile kila mwaka, karibu na jiko.

Nestor alikuwa mtu wa kupendwa na watu. Alikuwa na kicheko kipana, aliwajua wateja wake na majina ya mbwa wao, na neno "hapana" lilikuwa likimkwama kooni kama mfupa wa samaki. Kwa hiyo "hapana" zote za gereji zilisemwa na Zenia. Mteja akitaka kitu cha hatari au cha kijinga, Nestor alikuna kichwa, akasema, "Ngoja nimuulize bosi," halafu akamwita yeye. Wote walicheka. Zenia naye alicheka, kwa maana hakuona ubaya wowote ndani yake.

Desemba ya mwaka 2003, Alcide Ducharme alikuja gerejini na pikapu yake ya buluu na boksi kubwa kifuani. Alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, mstaafu wa reli, mtu mfupi aliyezoea kusimama kama bado anasubiri treni. Pikapu ilikuwa na umri wa miaka kumi na minane na kutu yake ilikuwa na umri huo huo. Ndani ya boksi mlikuwa na alamu ya gari, pamoja na kifaa cha kuliwashia kwa rimoti.

"Nani kakununulia hii, mzee?" Zenia aliuliza, akifungua boksi juu ya meza.

"Watoto. Wako Winnipeg, kule magari yanaibwa mchana kweupe. Wanadhani na huku ni hivyo hivyo."

"Mwizi akiiba hii, atairudisha mwenyewe. Tena ameijaza mafuta."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Alamu ni yao. Mimi nataka kitufe cha kuwashia tu. Leona kifua chake hakitaki baridi. Nataka nibonyeze nikiwa jikoni, akitoka akute ndani kuna joto."

Zenia aliinama dirishani akaangalia pedali. Zilikuwa tatu.

"Mzee wangu, hii ina klachi."

"Najua ina klachi. Nimeikanyaga miaka kumi na minane."

"Basi nisikilize. Usipokanyaga klachi, starta haizunguki. Kuna swichi pale chini inazuia. Ili rimoti iwashe, lazima niiue hiyo swichi. Sasa siku umeegesha na gia iko ndani, ukabonyeza ukiwa jikoni, gari linaruka mbele na hamna mtu kwenye usukani. Unaegeshaje ukifika nyumbani?"

"Kwenye gia ya kwanza."

"Breki ya mkono?"

"Nani anavuta breki ya mkono msimu huu? Inaganda."

"Umejijibu mwenyewe."

Alcide alinuna kama mtoto aliyenyimwa baiskeli. Alisema jirani yake anayo, mdogo wake anayo, hata padri anayo. Zenia akamwambia magari ya hao wote hayana klachi, na padri ana wa kumwombea. Kisha akampeleka kwenye rafu za nyuma, akamwonyesha hita ndogo ya umeme inayofungwa chini ya dashibodi na kuchomekwa kwenye umeme wa nyumba, na saa yake ya kuiwasha yenyewe. Leona akitaka kutoka saa tatu, saa ingeiwasha saa mbili na nusu, na pikapu ingekuwa na joto bila injini kuguswa. Alamu angemfungia kama watoto walivyotaka. Kuwasha kwa rimoti, hapana. Mzee alikubali shingo upande.

Kazi ilimchukua siku mbili. Magari ya zamani aliyapenda kwa sababu hayakuwa na siri: funguo zake ni chuma tupu, na ukishika waya unaweza kuufuata kwa kidole mpaka mwisho wake. Alilala chali chini ya usukani, taa ya kupimia mdomoni, akatafuta waya wa umeme wa kudumu, wa milango, wa taa, wa honi. Kila alipounganisha alisokota nyuzi za shaba, akazilehemu kwa risasi, akazifunga kwa tepu ya kitambaa, mizunguko mitatu, ncha ikiingia ndani. Hakutumia kamwe vile vibano vya buluu vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuuchuna. Baridi ikizidi vinalegea, na alishamwambia Nestor mara mia asivilete gerejini. Waya wa zambarau, ule wa kwenda kwenye starta, aliukata mfupi, akauziba ncha na kuukunja nyuma. Kwenye kadi ya kazi aliandika kwa mkono wake: kuwasha kwa rimoti hakukuunganishwa, gari lina klachi. Akatia herufi zake mbili.

Baada ya Mwaka Mpya, Iryna, aliyekuwa akishughulikia karatasi zote za ofisini, alimpa Zenia chupa ya jemu ya matunda ya porini. Alisema imetoka kwa akina Ducharme. Kwenye kikaratasi Leona alikuwa ameandika, asante kwa moyo wako mwema. Zenia alidhani ni kwa ajili ya ile hita, akafurahi sana, maana wateja hawakumbuki kushukuru mtu aliyewanyima walichotaka. Mkesha wa Krismasi aliibeba ile chupa mpaka kwa Nestor, ikawekwa mezani pamoja na vyakula vingine. Nestor alijipakulia mara mbili. Kisha akasimama na glasi yake, akasema kwamba watu wengine Mungu huwapa ndugu, na yeye Mungu alimpa Zenia. Lesia, yule binti wa ubatizo ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima mwenye pete ya uchumba, alimkumbatia kwa nyuma ya kiti.

Wiki moja na siku moja baadaye, simu ya gereji ililia asubuhi. Iryna aliisikiliza, uso ukamgeuka rangi, akampa Nestor. Nestor alifunga mlango wa ofisi. Alipotoka alikuwa ameshavaa koti.

Alisema pikapu ya Ducharme imemgonga Leona nyumbani kwao. Iliruka kutoka ilipoegeshwa, ikambana kwenye ukuta wa banda. Nyonga imevunjika na mguu umevunjika mara mbili.

"Iliruka vipi?" Zenia aliuliza. "Alcide alikuwa ndani?"

"Sijui. Kawaulize wenyewe," Nestor alisema, akatoka bila kumtazama.

Zenia alishika bisibisi yake muda mrefu bila kujua ilikuwa ya kazi gani. Alijipa majibu kumi: labda mzee aliiacha inaunguruma, labda mguu ulimteleza. Jibu la kumi na moja hakutaka kulifikiria.

Siku iliyofuata alikwenda hospitali. Alcide alikuwa ameketi kwenye korido, kofia mapajani, ndevu hazijanyolewa. Zenia alimpa pole na kutaka kukaa kando yake. Mzee aliivuta kofia yake kifuani, akamgeuzia bega.

"Ulisema haifai," Alcide alisema. "Ulinieleza vizuri, nikakuelewa. Halafu ukaifanya."

"Nilifanya nini, mzee?"

"Mimi nilibonyeza tu. Nilikuwa jikoni. Nilijua Leona yuko chooni. Kumbe ametoka, yuko mbele ya gari, anachomoa ule waya tunaouchomeka usiku injini isigande, ili asinichoshe. Nikabonyeza." Alikunja kofia. "Nilisahau gia. Kosa langu. Lakini kama usingeiunganisha, ningebonyeza mpaka leo."

Taratibu, kama mtu anayemwuliza mtoto, Zenia alimuuliza ni lini pikapu ile ilirudi gerejini. Mzee alimshangaa. Ile Jumamosi baada ya Krismasi ya watu wengine, alisema. Hita ilikuwa nzuri nyumbani, lakini wakienda kliniki hakuna pa kuichomeka, na Leona akitoka kwa daktari anakuta gari limeganda. Ndipo akaenda kumbembeleza Nestor.

"Nikamwambia sitaki aishike mtu yeyote ila Zenia. Akasema usijali, Zenia mwenyewe amebadili mawazo, atakuja mchana aimalize. Jioni naichukua, inawaka. Leona akakupikia jemu."

"Mzee, Jumamosi ile sikukanyaga gerejini. Huwa siendi Jumamosi."

"Leo kila mtu angesema hivyo."

Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Sauti ya Leona ilitoka humo, nyembamba, ya mtu aliyejaa dawa. "Alcide. Muache mama wa watu. Si ndiye aliyekukatalia?"

"Alikataa, halafu akakubali."

"Kwa nini akubali? Fikiri kidogo."

Zenia aliingia, akaushika mkono wa yule mama, na Leona akaubana wake kwa nguvu kidogo alizobaki nazo. Zenia alirudi kwa miguu mpaka nyumbani, baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri ikimkata uso, na hakukumbuka hata kidogo njia aliyopita.

Kesho yake alifika gerejini mapema, kabla ya wateja. Nestor alikuwa ameshafika, anachemsha kahawa. Alipomwona alimimina vikombe viwili kama kila siku. Hakukana.

"Alinililia, Zenia. Mzee mzima ananililia habari za kifua cha mkewe. Ningefanyaje?"

"Ungesema hapana."

"Wewe ndiye wa kusema hapana."

"Sawa. Na jina langu lilitoka wapi?"

Nestor alizungusha kikombe mezani. "Bila jina lako asingekubali kuichukua. Anakuamini wewe. Nilijua mwisho wake atakushukuru tu, basi, hakuna aliyeumia."

"Yuko mtu aliyeumia, Nestor."

Nestor alikaa kitini, akajishika kichwa, na kwa mara ya kwanza Zenia alimwona amezeeka. Ndipo alipotoa ombi lake. Mtu wa bima angekuja Jumatatu kutoka Winnipeg. Akijua kwamba mwenye gereji mwenyewe aliiua swichi ya usalama kwa makusudi, bima wangegoma kulipa, na gereji ingekwenda, nyumba nayo, na harusi ya Lesia mwezi wa nane. Lakini kosa la fundi aliyeajiriwa, hilo bima wanalipa kila siku. Leona atatunzwa, gereji itasimama. Zenia amebakiza miaka miwili astaafu. Ni karatasi tu.

"Wewe hupotezi chochote," Nestor alisema. "Nakuomba kama ndugu. Kafikirie mpaka Jumatatu. Uamuzi ni wako."

Na Zenia akafikiria. Hilo ndilo baadaye lilimuuma kuliko yote, kwamba alilifikiria kweli. Jumamosi na Jumapili alizunguka jikoni kwake akilipima ombi lile upande huu na upande ule. Alikumbuka ile taa ya kupimia, na gereji zote zilizomcheka, na Lesia akiwa mchanga ndani ya kitambaa cheupe. Alijiambia jina lake ni la mtu mmoja asiye na familia, na gereji ile inalisha wengi. Jumatatu asubuhi alipokuwa akivaa buti zake alikuwa hajaamua, na nusu yake, labda zaidi ya nusu, ilikuwa imeshakubali.

Mtu wa bima aliitwa Penner, mwanamume mrefu mpole mwenye begi la ngozi. Zenia alipoingia, Penner alikuwa ameshaketi mezani kwa Iryna, na mbele yake kulikuwa na kadi ya kazi ya pikapu ya Ducharme. Alimwomba Zenia aithibitishe tu.

Zenia aliichukua. Tarehe iliyoandikwa ilikuwa ile ya Desemba, alipofunga alamu. Mwandiko ulikuwa wa Iryna, safi, wa duara, ule aliouona kwenye kadi za siku ya kuzaliwa kila mwaka. Ilisema: alamu, na kuwasha kwa rimoti, vimeunganishwa. Chini yake kulikuwa na herufi zake mbili, zimeigwa vizuri, ila Z yake yeye huwa ina kijimstari katikati na hii haikuwa nacho. Kwenye kona, mhuri wa ofisi, ambao Iryna aliugonga kwenye kila karatasi mpya bila kufikiri, ulionyesha siku ile ile ya ajali.

Aliusoma ule mhuri mara mbili. Kwa hiyo Nestor alipofunga mlango wa ofisi asubuhi ile, Iryna akiwa bado ndani, hawakuwa wakilia. Walikuwa wakiandika. Siku mbili baadaye, pale kwenye kahawa, Nestor alikuwa akimwomba kitu ambacho tayari alikuwa amemnyang'anya. Akikubali, vizuri. Asipokubali, jumba bovu lilishamwangukia.

Alimtazama Iryna. Iryna alikuwa akipanga klipu za karatasi kwenye kijisanduku, moja moja.

"Hii si kadi yangu," Zenia alisema. "Bwana Penner, pikapu iko wapi? Nataka ukaione nami."

Nestor, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema kwa upole, "Zenia, umechoka. Usijiumize."

"Usinionee huruma, Nestor. Mwenzio nilishakaribia kukuonea wewe."

Pikapu ilikuwa imewekwa kwenye banda la kampuni ya kuvuta magari. Zenia alimpa Penner tochi, akamlaza chali chini ya usukani na koti lake zuri, naye akalala upande wa abiria. Alimwonyesha waya mmoja baada ya mwingine: wa milango, wa taa, wa honi, wa umeme wa kudumu. Risasi, tepu ya kitambaa, mizunguko mitatu. Kisha akamwonyesha waya wa zambarau. Ulikuwa umerefushwa kwa kipande cha waya mwekundu, na kila kiungo kilikuwa kimebanwa na kibano cha buluu cha plastiki. Chini, karibu na klachi, swichi ya usalama ilikuwa imerukwa kwa kipande cha waya na vibano viwili vya namna ile ile.

Penner aliangalia kwa muda. "Mama, waya hauna sahihi," alisema.

"Huu unayo. Nenda kwenye gari lolote mjini nililolishika mimi. Kawaulize polisi, magari yao nimeyafunga waya mimi. Ukikuta kibano kimoja cha buluu, rudi uniandikie kosa."

Penner alipiga picha nyingi. Alikwenda kweli kuangalia, siku mbili nzima, akifungua dashibodi za watu. Baada ya wiki tatu Zenia alipata barua ya mistari minne. Ilisema kazi kwenye gari lile ilifanywa na mafundi wawili tofauti, na kwamba bima haina dai lolote dhidi yake. Leona alilipwa. Na Nestor hakunyang'anywa gereji. Alipandishiwa malipo yake ya bima na kupewa onyo la maandishi, basi. Yale yote aliyoyaogopa, ambayo kwayo alimtosa mtu aliyekuwa naye kwa miaka ishirini na miwili, hayakutokea.

Lakini barua ilisomwa na mtu mmoja tu, jikoni kwake. Mjini ilisomwa hadithi nyingine. Nestor hakumtukana Zenia popote. Hakuwa mtu wa matusi. Alitikisa kichwa tu akiulizwa, akasema inasikitisha, nilimwokota hakuna aliyemtaka, leo kaniletea watu wa bima mlangoni. Watu wakaongezea wenyewe yaliyobaki. Kanisani, wanawake waliokuwa wakikunja naye maandazi ya viazi kila Alhamisi walipunguza sauti alipoingia. Wengine walimwambia kwa wema kabisa kwamba angenyamaza, kwani angepungukiwa nini. Alcide alimpigia simu kumwomba radhi. Alimwomba mara tatu ndani ya simu moja, na Zenia akamwambia asihangaike, amhudumie mkewe. Lesia hakupiga.

Kazini hakurudi tena. Hakuaga, na vifaa vyake aliviacha vilipo, kwa sababu kuvifuata kungemlazimu kupita ofisini.

Mwezi wa tatu, theluji ikianza kuwa nzito na chafu, Iryna alisimamisha gari mbele ya nyumba. Alikuwa na sanduku la vifaa vya Zenia, vyote vimesafishwa na kupangwa, hata ile taa ya kupimia. Zenia alimkaribisha ndani, kwa kuwa hakujua namna ya kumwacha mtu kwenye baridi. Iryna hakuvua koti. Alitoa bahasha mkobani, akaiweka mezani.

Ndani yake kulikuwa na kadi. Mwandiko wa Zenia mwenyewe: kuwasha kwa rimoti hakukuunganishwa, gari lina klachi. Z yenye kijimstari katikati.

"Nestor aliniambia niichome," Iryna alisema. "Sikuichoma. Nimeitunza. Nilitaka ujue hivyo."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyeleta zawadi. Zenia aliitazama kadi, kisha akamtazama yeye.

"Ilikuwa wapi siku Penner amekaa mezani kwako?"

"Kwenye mkoba."

"Mkoba huu?"

"Huu."

"Ulikuwa miguuni pako."

"Zenia, ni mume wangu. Ningefanyaje?"

"Hivyo hivyo ulivyofanya," Zenia alisema. Akamrudishia bahasha mkononi, akamfunga vidole juu yake. "Kaichome sasa. Kwangu mimi haina kazi."

Iryna alianza kulia, akaeleza kwamba Lesia anauliza kama atakuja harusini, kwamba kiti chake kipo. Zenia alimsindikiza mpaka mlangoni na kumwambia aangalie ngazi, zina barafu. Aliporudi alikaa mezani, akaitoa ile taa ya kupimia sandukuni. Kwa ajili ya Nestor alikuwa ameshalia na kumaliza. Nestor alikuwa mwoga, na Zenia alimjua ni mwoga. Kwa ajili ya Iryna hakuwa amelia bado. Huyu ndiye aliyemletea supu alipougua, aliyemfundisha kusuka mikate ya Krismasi, na alikaa saa nzima na ukweli miguuni akipanga klipu.

Mwezi wa nne karakana ya mabasi ya shule ilitangaza nafasi ya fundi umeme. Zenia alikwenda kuchukua fomu. Alijaza jina, umri, shule, kazi ya simu. Akafika mahali palipotaka jina la mtu aliyemfahamu kikazi kwa miaka isiyopungua kumi, anayeweza kumdhamini kwa tabia na ujuzi. Alishika kalamu pale kwa muda. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa na jina moja tu. Aliuacha mstari ule mtupu, akaipeleka fomu dirishani.

Msimamizi alikuwa mwanamke kijana aliyehamia kutoka Brandon, asiyejua habari za mji. Aliipitia fomu, akaweka kidole kwenye mstari ule.

"Hapa hujajaza, mama. Miaka ishirini na miwili sehemu moja, si lazima awepo mtu?"

"Hayupo," Zenia alisema.

Yule msimamizi alidhani amefariki, akampa pole. Zenia aliipokea. Kisha akaulizwa kama anaweza kuanza Jumatatu, maana kuna basi moja taa zake za nyuma zimewashinda watu watatu, akajibu kwamba anaweza.